Ua Baya la Kwanza

Katika mji ule, ua lililochorwa kwa bi harusi mmoja halirudiwi kwa mwingine. Mwatima, mchora piko, ile rangi nyeusi ya kupambia ngozi, alikuwa amekaa mbele ya miguu ya bi harusi tangu asubuhi, na kila alipoinua kijiti alikishusha bila kuchora.

"Kama maua yamekuishia, sema tumwite mwingine," alisema Bi Raya, somo aliyemfunda bi harusi.

Mwatima alipandisha mkono wa gauni lake. Nyuma ya kiganja chake cha kushoto akachora ua lililopinda, shina lake nene kama mjusi aliyeshiba.

"Ala! Piko hilo halifutiki! Mji mzima utaliona!"

"Na walione. Hili ndilo lililonikalia mkononi, nikiogopa lisije likatoka. Sasa limetoka."

Akachora la pili, baya vilevile. La tatu likapanda hadi kwenye kiwiko, na jani lake moja likajikunja namna ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Bi Raya akainama kulitazama.

"Nichoree hilo," alisema bi harusi.

"Hili langu," alijibu Mwatima, akichovya kijiti. "Lako linakuja."

Mkono wake uliojaa maua mabaya ukakishika kisigino cha bi harusi.