Kishada cha Uzi Mwekundu

Wening alipopasua utepe wa gundi wa kifurushi kilichorudishwa, mama yake mdogo alikuwa akimrekodi kwa simu, kama wauzaji wa mtandaoni katika mji wa batiki wa Pekalongan wanavyofanya ili kujikinga na matapeli.

"Fungua polepole, mwanangu. Tuone kama jizi hilo litakana!"

Kilichotoka hakikuwa batiki aliyoichora kwa nta kwa miezi mitatu. Kilikuwa kitambaa cha kiwandani, chenye rangi upande mmoja tu. Mnunuzi, mtu asiyemfahamu, alidai kuwa ametumiwa bandia. Hilo lilikuwa dai la tatu. Likikubaliwa, duka la Wening lingefungwa jioni hiyo.

"Watu wana macho makavu!" mama mdogo alifoka.

Wening alikikunjua kitambaa. Kishada cha mizizi yenye harufu, ile ya kufukuzia nondo, kilianguka mezani.

Yeye hakuwa akiweka mizizi katika vifurushi. Wateja waliilalamikia harufu yake. Hii ilikuwa imefungwa kwa uzi mwekundu wa nailoni, mizunguko saba, ncha yake ikachomwa kwa mshumaa ili isifumuke. Ni mtu mmoja tu aliyefunga hivyo. Kabati lake lilijaa vishada kama hivyo, na Wening alikua akivichezea.

Nyuma ya simu, mama mdogo alianza kushusha mkono.

"Tuzime, mwanangu? Mwanga umefifia."

Wening alikiinua kishada mbele ya kamera.

"Usizime, mama. Sogea, uzi uonekane."