Safari za Kazi

Siku hizi usukani hupima moyo wa dereva. Ukienda mahali kwa moyo mzito, gari huandika safari ya kazi, nawe unapunguziwa kodi. Ukichangamka, huandika starehe. Halibishiwi.

Eliaika alikuwa akiungua na wivu juu ya Tunu, mteja wa mumewe kule Boko, mwanamke wa kucheka ovyo.

"Ni mteja tu, Mama Neema," mumewe alisema, akamkabidhi taarifa ya gari asome mwenyewe.

Alishuka na kidole mpaka Boko. Safari tisa, zote kazi. Akapumua, karibu amwombe radhi.

"Umeridhika?"

Kidole kilikuwa kimefika mstari wa mwisho. Kurudi nyumbani, safari thelathini. Zote kazi.