Nyumba Iliyopenda Ukoko

Siku hizi mnunuzi hachagui nyumba. Nyumba ndiyo humchagua mnunuzi, baada ya kumsikiliza akipika na kula ndani yake mlo mmoja. Mwanahawa na mumewe Makame walikwisha kukataliwa na mbili, na mtoto alikuwa karibu kuzaliwa. Wakakubaliana kwamba humu, katika nyumba ya tatu, ni maneno ya asali tu.

Wali ukashika chini.

"Ukoko wangu," Makame alisema.

"Wako? Umepika wewe?"

"Jana ulikwangua wote, hata sufuria ililia!"

"Mlafi wewe! Mimi nalea mimba, wewe unalea kitambi!"

Walikuwa wakinyang'anyana mwiko walipokumbuka walipo. Mwanahawa akafumba macho.

"Karibuni nyumbani," kuta zikasema. "Waliopita walikuwa wapole mno. Nilikuwa nakufa kwa upweke."

Mwanahawa alilia kwa furaha, akamlisha mumewe ukoko.

Walihamia, wakaishi kwa raha, hawakugombana hata kidogo. Jioni moja walikuwa barazani wakitaniana kwa sauti ndogo, harufu ya wali unaoungua ikawafikia. Mwanahawa aliacha kucheka. Jiko alikuwa amelizima yeye mwenyewe.