Hodi ya Ijumaa

Safari hii Bi Mwanakheir alieleza kwa sauti ndogo zaidi. Alimkuta mwanamume chooni kwake, kampa mgongo, suruali kaikunja magotini. Akachukua mchi wa kinu, akampiga nao wa kichwa.

"Mara moja tu," aliongeza, kama kwamba hiyo ilipunguza kitu.

Sajini Makungu aliinamia karatasi yake, akasema jambo.

"Unasemaje, mwanangu?"

Sajini akainua uso. "Nimeuliza, bi mkubwa, alipiga hodi?"

"Hakupiga."

Siku hizi hata askari wanatafuna maneno, alijisemea. Wajukuu zake walikuwa hivyo hivyo.

Jirani yake Zuleikha, aliyemsindikiza, hakuwa na haya ya kituo cha polisi. "Apige hodi wapi! Mtu wa bara yule. Siku ya Ijumaa, wanaume wote wako msikitini, mtaa mtupu, yeye anajitembelea majumbani mwa watu. Bi mkubwa kafanya vizuri! Jang'ombe nzima wanamsifu."

Sifa hizo ndizo zilizomchoma Bi Mwanakheir. Tangu jana watu wanakuja kumpa hongera na kutaka kuuona mchi. Yeye alikuwa ameshauosha, akausukuma uvunguni mwa kitanda, na usiku kucha akawa anamfikiria mama wa yule kijana, huko bara aliko.

"Na nyinyi polisi msije mkamwachia," Zuleikha aliendelea. "Tukikuleteeni mwizi asubuhi, jioni tunakutana naye sokoni, anatuuliza hali!"

Sajini alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Haki ya kujilinda ipo. Mtu akikuingilia kimya kimya, ukaogopa, ukampiga, sheria inakuelewa. Lakini kama alipiga hodi, akaingia kusaidia, basi si mwizi huyo. Hapo nna kesi nyengine kabisa."

"Mwenyewe anasemaje?" aliuliza Bi Mwanakheir.

"Masanja? Anasema alikuwa juu ya paa la jirani yako mwengine, anapigilia mabati. Akaona maji yanatoka chini ya mlango wako mpaka njiani. Akashuka, akapiga hodi mpaka akachoka. Mlango ulikuwa wazi, akaingia mpaka chooni kuufunga mfereji wa maji."

"Muongo mkubwa!" alisema Zuleikha.

"Mfereji ulikuwa wazi, hilo kweli," Bi Mwanakheir alikiri. "Maji yalikatika tangu juzi, nkasahau kuufunga. Yaliporudi nilikuwa ukumbini nachagua mchele, nimeupa mlango mgongo. Sikujua kama yamerudi. Nimeinuka kwenda kutia udhu, ndipo nikamkuta."

"Kutoka hapo ulipokaa mpaka chooni pana masafa?"

"Masafa gani, mwanangu? Ukuta mmoja tu."

Sajini hakuandika kitu.

Bi Mwanakheir alizungusha ncha ya mtandio wake kidoleni. "Na damu ikimtoka, alimalizia kuufunga ule mfereji. Kisha ndiyo akakaa chini." Hakuna aliyemuuliza hilo, lakini hakuweza kulinyamazia. Halafu, kwa kuwa aibu ilimkaba, akatafuta pa kuitua. "Ila adabu hana. Tumepishana naye hapo nje, kichwa kimefungwa bendeji, kainamisha uso. Hata shikamoo hakunipa."

Zuleikha alimgeukia, akafumbua mdomo, akaufumba.

Sajini aliweka kalamu mezani. Akamsogezea yule bibi karatasi, akasema polepole, uso kwa uso: "Haya ndiyo maelezo yako. Ukitia saini, Jumatatu namfikisha mahakamani kwa kuingia nyumba ya mtu kwa nia ya kuiba. Yasome kwanza, usiwe na haraka."

Akainuka. Akamwashiria Zuleikha, wakatoka pamoja.

Bi Mwanakheir alibaki na karatasi. Dirisha lilikuwa mbele yake, mlango nyuma tu ya kiti chake. Kule uani mama mmoja alikuwa ameleta chakula cha mtu wake aliye ndani, na askari mwenye bunduki begani alimpokea kapu ili mama yule apate kukaa kivulini. Bi Mwanakheir alimwombea heri askari yule. Kisha akajiuliza Masanja kaletewa chakula na nani, na uso ukamuwaka.

Kesho atampikia yeye. Mwizi naye hula.

Lakini ukweli ulikuwa ukweli. Angewezaje kusema palikuwa na hodi, na hodi hakuisikia? Kumpiga mtoto wa mtu kulimtosha; hakutaka na uongo juu yake. Alisema bismillahi, akashika kalamu.

Alikuwa ameshaandika mwanzo wa jina lake Sajini alipomtokea ubavuni, akamshika taratibu mkono wa kalamu. Alimwonyesha nyuma tu.

Bi Mwanakheir akageuka. Zuleikha alikuwa ameegemea ukuta, ameziba masikio kwa viganja, machozi yanamtiririka. Na pale kizingitini, karibu kiasi cha kumgusa bega, alisimama Masanja, bendeji kichwani, mishipa ya shingo imemtoka, anapiga hodi.