Mlalaji wa Saumu

Siku hizi usingizi hubebeshwa mtu mwingine, na Mbaruku ndiye aliyeubeba wa mkewe. Saumu alitengeneza michezo ya video. Kila alipokesha kazini, yeye hakusinzia hata kidogo. Mumewe ndiye aliyeanguka kama gogo huko nyumbani. Mwezi uliopita usingizi ulimkuta akinywa uji wa moto, na kovu lingali kidevuni.

Jioni hii mchezo ulikuwa umeshatoka. Saumu alipika samaki wa nazi, wakaketi mezani wote wawili wakiwa macho, jambo geni kwao.

"Umenenepa," Saumu alisema.

"Anayelala kutwa atakosaje kunenepa?" Mbaruku alicheka, kisha akamtazama vizuri. "Kumbe una mvi, mke wangu. Zimeanza lini?"

Kabla Saumu hajajibu, simu ikalia. Ilikuwa ofisi: shujaa wa mchezo amekwama mlangoni, wachezaji wanalalamika, amkwamue sasa hivi.

"Dakika chache tu," alisema, akiifungua kompyuta.

Mbaruku hakunung'unika. Alilisogeza mbali bakuli la mchuzi wa moto, akaukunja mtandio wa mkewe, akalaza kichwa juu yake, akasubiri.