Noti ya Chini Kabisa

Bodil aliishikilia noti ya mwisho, ya chini kabisa, hadi shaba ya tuba, tarumbeta lake kubwa la sauti nzito, ikatetemeka mapajani mwake. Kisha akaikata.

Katika usaili wa okestra, msailiwa hupiga nyuma ya pazia ili asijulikane, na haruhusiwi kutoa sauti yake mwenyewe. Waamuzi wakimtambua, huondolewa. Na okestra ya mji huu wa Odense, Denmark, ina mpiga tuba mmoja tu, ambaye hukaa hadi astaafu.

“Huyo bwana arudie noti ya mwisho,” mwamuzi mmoja alisema.

“Kwani amekosea?” mwenzake akauliza.

“Hajakosea. Nataka kuisikia tena.”

“Wewe hata jokofu likinguruma unatokwa machozi.”

Bodil akacheka. Kicheko chembamba cha mwanamke kilienea ukumbini.

Kalamu za waamuzi zikasita.

“Mimi sijasikia kitu,” alisema yule wa kwanza. “Nyinyi je?”

“Hata kidogo,” wakaitikia wote.

Bodil alirudisha midomo kwenye tuba, akavuta pumzi hadi vifungo vya blauzi vikakazika.