Kaburi Tulilolipalilia

Tarehe 14 Juni 2024, watoto wa shule wakiwa likizo, nilirudi kutoka Songea hadi bonde letu la milimani.

Kama kila mwaka, mama mdogo nami tulipalilia kaburi la mama na kuweka maua. Nilikwangua kuvu msalabani kwa ukucha. Safari hii nilikuwa nimejifunza kusoma.

“Mama mdogo, hapa pameandikwa Bartolomeo.”

“Yule mlevi? Basi amefaidi maua yetu bure.”

Hakucheka. Alinishika mkono, tukapita msalaba kwa msalaba nikisoma kwa sauti. Kwenye msalaba uliozama maguguni, sikuwa nimemaliza kulisoma jina la mama, mama mdogo akapiga magoti.

Wewe unayesoma haya, msomee na mwenzako asiyejua kusoma.